Mtoto Kwenye Pasipoti ya Shemeji

Sehemu ya kumi na mbili, na ndiyo ya mwisho

Teksi imeshaondoka. Wale mliosema dereva ataona huruma na kuzima gari, hamuwajui madereva wa Guangzhou.

Kiti cha nyuma yupo Bartholomeo, begi lake jeusi miguuni. Pembeni yake Careen, mtoto wa miaka tisa, kavalishwa sweta nje ndani kwa haraka. Wanakwenda stesheni ya mashariki kupanda treni ya Hong Kong, na kutoka Hong Kong ni ndege mpaka nyumbani. Huku nje, katikati ya honi za mtaa wa Xiaobei, Yustina anakimbia na kandambili moja. Nyingine imebaki kwenye ngazi za hoteli.

"Careen! Fungua mlango!"

Mlango umefungwa. Bartholomeo hakugeuza hata shingo.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, mambo ni haya. Yustina ni mfanyabiashara wa nguo, mtu wa Musoma, mjane wa Gaudence. Bartholomeo ni kaka yake Gaudence, anauza viatu, naye yuko hapahapa Guangzhou. Januari Yustina aliolewa upya na Anacleto wa Makau, yule anayepakia mizigo ya Waafrika kwenye makontena. Anacleto ana sura ya Kichina na pasipoti ya Ureno, na Ureno kwenyewe hajawahi kukanyaga. Makau inarudi kwa Wachina mwishoni mwa mwaka huu wa tisini na tisa, naye hataki kungoja aone. Amepata kazi bandarini Rotterdam.

Mama wa dirisha la viza kwa Waholanzi aliwaeleza vizuri. Mreno akirudi Ureno na mke mgeni, anafuata sheria ya kwao na foleni ya kwao. Mreno akienda kufanya kazi Uholanzi, hapo inaingia sheria ya Ulaya nzima: mke anamfuata, watoto wa mke wanamfuata, na viza ni bure.

"Wewe leo hii nakugongea," alimwambia Yustina. "Huyu mtoto siwezi. Yumo kwenye pasipoti ya mwanamume mwingine, ameandikwa binti yake. Mtoe humo kwanza."

Ni kweli yumo. Gaudence alipokufa ukoo ulimkabidhi Bartholomeo mtoto. Siku ya kutengeneza pasipoti, ofisa aliuliza huyu binti ni wa nani, Bartholomeo akajibu ni wangu, na Yustina aliyesimama nyuma yake aliona sawa kabisa. Mtoto wa ndugu yako asipokuwa wako awe wa nani? Tena Bartholomeo mwenyewe hajabahatika. Wanawake wawili walikaa kwake wakaondoka, na ule ukurasa wa watoto ungebaki mweupe. Akamleta Careen China likizo, Yustina akampigia magoti kumshukuru. Hakujua anashukuru kamba ya shingoni.

Maana masharti yalikuja baadaye. "Achana na huyo Mchina wa Kireno. Rudi kwenye ukoo, uwe mke wangu kama ilivyotakiwa. Ukikataa, mtoto namrudisha."

Yustina alikataa. Ndiyo hiyo teksi.

Haikufika mbali. Mdomoni mwa mtaa wa Dengfeng mikokoteni ya marobota ya jinzi ilikuwa imeziba njia, wasukumaji wakitukanana na kila mtu akidai kupita wa kwanza. Teksi ikasimama. Na mbele ya boneti, mwiko wa ugali mkononi, akasimama Auma.

Auma ni Mkenya, mwenye mgahawa pale kwenye kona, mwili wa kuziba mlango na sauti ya kuufungua.

"Wee buda! Mzee mzima unatoroka na mtoi wa wenyewe?"

Bartholomeo akashusha kioo kidogo. "Mama, ondoka barabarani. Haya ni mambo ya familia."

"Familia gani ya kufungia mtoto ndani ya gari analia? Laoban! Bosi!" Akamgeukia dereva, na Kichina chake ni kile cha sokoni, kifupi na cha matusi. Akamwonyesha mtoto. Akamwonyesha mama anayekuja anachechemea. Akamtajia polisi.

Neno polisi halihitaji mkalimani. Dereva alizima gari, akatoka, akafungua buti na kuweka sanduku la Bartholomeo chini, juu ya maganda ya machungwa.

"Bu qu!" akasema. Haendi! Hata hela hakutaka.

Careen aliteremka mlango wa upande wa pili na kumrukia mama yake. Lakini Bartholomeo naye alishateremka, na mkono wa mtoto akaudaka. Mama kashika mkono huu, baba mkubwa kashika ule.

"Mwachie, shemeji."

"Nimwachie kwa karatasi gani? Polisi waje! Waje waone mtoto huyu ameandikwa wapi. Pasipoti yako ina nani ndani zaidi yako?"

Watu walishajaa. Wauza simu, wabadilisha fedha, wanawake wa Nairobi na mifuko yao. Rotich wa Eldoret, mdomo mrefu kuliko biashara yake, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wazee, haya mambo si ya barabarani. Waingie kwa Auma, kila mtu aseme yake, na sisi tukiwa hapo tukisikia njaa tutakula."

Huo ndio utaratibu wetu popote tulipo. Watu wawili wakigombana hawapelekwi kwa serikali ya wenyewe kabla hawajakalishwa. Hata Bartholomeo asingeweza kukataa bila kuonekana ana lake jambo. Akamshika Careen bega, akaingia kichwa juu.

Mgahawa wa Auma ni chumba kimoja. Jikoni hakuna ukuta. Karai la mafuta linachemka mbele ya wateja, ukitaka samaki unamwona anavyozama. Juu ya friji kuna televisheni na deki ya video.

Anacleto aliletwa kutoka godauni akikimbia, vumbi la maboksi kwenye nywele. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja, kinatoka kimevunjika.

"Nani shika mtoto yangu?"

"Mtoto yako!" Bartholomeo akacheka. "Jamani mtazameni. Mreno gani huyu? Ureno haijui, Uchina haitaki, sasa anapita kwetu anaokota wajane. Mtoto wako yuko wapi? Umemzaa na nani?"

"Mimi oa mama yake."

"Umeoa mama. Hukuoa ukoo."

"Bartholomeo," alisema Auma, "matusi weka nje na viatu vyako. Sema una haki gani."

Hapo ndipo Bartholomeo alipokuwa anapasubiri. Akafungua begi jeusi, akatoa mkanda wa video uliofungwa kwenye kitambaa kama vile wengine wanavyofunga Biblia.

Kila mtu Dengfeng anaujua mkanda huo. Ni msiba wa Gaudence. Ukifika mgeni kutoka nyumbani, kabla hujaoga, Bartholomeo anakuleta kwa Auma uone alivyomzika mdogo wake: jeneza lenye vishikio vya dhahabu, matarumbeta, ng'ombe watatu. Na mwisho wake, siku ya kuanua tanga, Bartholomeo mwenyewe na kipaza sauti.

"Washa deki, Auma. Leo wenyewe mtasikia."

Mkanda ukaingia. Rimoti aliishika yeye, kama kawaida yake. Akaupitisha haraka ule wimbo wa kwaya, akaupitisha udongo, akausimamisha kwake. Pale kiooni Bartholomeo mwembamba zaidi, suti ya kijivu, akatangaza mbele ya ukoo mzima: "Mdogo wangu ameacha mtoto mmoja, Careen. Kuanzia leo baba yake ni mimi. Mwenye neno aseme."

Hakuna aliyesema neno kwenye mkanda. Bartholomeo akabonyeza rimoti. Kioo kikawa cheusi.

"Mmesikia. Na huyo mwanamke alikuwepo, alinyamaza."

Watu wakatazamana. Lazima tuseme ukweli: wengi walianza kumwelekea yeye. Mzee mmoja wa Shinyanga akamwambia Yustina kwa upole ambao ni mbaya kuliko ukali, "Mwanangu, ukoo ukishasema umesema. Nenda Ulaya na mumeo. Mtoto atakutembelea."



Ndipo Careen, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tangu asubuhi, akauliza yeye.

"Baba mkubwa, mbona kila siku unazima kabla mimi sijavaa koti?"

 Vichwa vikamgeukia Bartholomeo.

"Koti gani?" akauliza Rotich.

"La baba. Lilikuwa linaburuza chini, watu wakacheka."

"Mkanda unaishia pale," alisema Bartholomeo haraka. "Mtoto alikuwa na miaka sita, anakumbuka nini?"

"Hauishii," alisema Yustina.

Alikuwa ameyafungia maneno hayo miaka mitatu. Mambo ya tanga hayasemwi ugenini, na shemeji havunjiwi heshima mbele za watu; hayo alifundishwa. Sasa alisimama akaenda kwenye friji.

"Yustina." Sauti ya Bartholomeo ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyotisha watu. "Ukigusa hiyo deki, Musoma usirudi. Nyumba ya Gaudence, shamba, kaburi la mumeo, vyote usahau. Nitawaambia watu wetu wakuone kama mbwa aliyeingia shambani."

"Nipe mtoto, nisiguse."

"Sikupi."

"Twende wote kwa yule mama wa viza, useme mtoto ni wa marehemu. Dakika moja. Mkanda nitakurudishia, na siri yako nitakufa nayo."

"Nikaseme kwa dirisha la Wazungu kwamba mimi si baba? Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Kama ni hivyo, gusa," akasema Bartholomeo. Aliamini hatathubutu.

Yustina akaona kaburi. Aliliona vizuri, na ule msalaba wa mbao uliokuwa unasubiri kujengewa. Halafu akaona mkono wa mwanawe chini ya kiganja cha mwanamume yule. Rimoti hakuwa nayo, lakini deki ina vitufe vyake. Akabonyeza kwa kidole.

Kioo kikawaka.

Mzee wa ukoo, mfupi, fimbo kwapani, anasimama na koti la kahawia mikononi. Koti la Gaudence. Anampa mjane. Anasema kwa sauti ya kukoroma: "Mama, koti hili lina mwenyewe. Kati ya ndugu hawa wa marehemu, mvalishe unayemtaka akutunze."

Na pale mbele ya ndugu wote, Bartholomeo wa mkanda ameshavua suti yake ya kijivu. Amemgeuzia mjane mgongo. Mikono ameinyoosha nyuma, tayari, anasubiri kuvishwa.

Yustina wa mkanda anatembea na koti. Anafika kwake. Anampita.

Anampita, jamani! Anakwenda mpaka kwenye mkeka wa watoto, anamwinua Careen, anamvisha koti la baba yake. Mikono ya koti inaning'inia, pindo linaburuza vumbi. "Nimemchagua mwanangu," anasema. "Huyu atanitunza."

Kwa ukoo ule hiyo ni ruhusa. Mjane asiyetaka kurithiwa humvisha mwanawe, na hakuna wa kumshurutisha. Lakini mpiga picha, mungu wa vichekesho amsamehe, alikuwa amerudisha kamera kwa Bartholomeo. Bado kasimama. Mikono bado iko nyuma. Anageuza shingo kidogo, hivi, kuangalia koti limechelewa wapi.

Mgahawa ulilipuka. Rotich alianguka na kiti. Yule mzee wa Shinyanga alijaribu kukohoa, kicheko kikatokea puani.

"Buda, koti limekuja?" Rotich alilia kutoka sakafuni. "Ama tuendelee kungoja?"

Auma yeye hakucheka. Aliweka mwiko kiunoni. "Kumbe. Mwanamke alikukataa mchana kweupe, na wewe ukabeba mtoto kama dhamana. Zaa wako, buda. Wa wenyewe ni wa wenyewe."

Neno hilo lilikuwa baya, na Auma mwenyewe nadhani alilijua, maana aligeukia karai lake.

Bartholomeo alikuwa mweupe midomoni. Akamwachia Careen. Akaingiza mkono ndani ya koti lake, na watu wa mbele wakarudi nyuma wakidhani ni kisu.

Hakikuwa kisu. Ilikuwa pasipoti.

"Mnamtaka?" akasema. "Yumo humu. Binti yangu yumo humu! Mtoeni!"

Na kabla mtu hajainuka, aliitupa kwenye karai.

Mafuta yalinguruma. Jalada lilijikunja, kurasa zikafunguka moja moja kama zinasomwa, zikageuka kahawia. Yustina alipiga ukelele akanyoosha mkono. Anacleto alimdaka kiuno kabla hajaungua. Auma alichota kwa kijiko cha matundu. Kilichotoka hukuweza kukijua kama ni karatasi au ni sambusa.

"Sasa si wangu wala si wako," alisema Bartholomeo. "Tuone Ulaya mtamwingiza kwa kitu gani."

Yustina aliketi sakafuni. Mtoto hana hata jina kwenye karatasi ya safari. Hawezi kwenda, hawezi kurudi, hawezi hata kukutwa na polisi. Mumewe alitakiwa kuanza kazi mwisho wa mwezi. Yote yamekaangwa.

Lakini Anacleto alikuwa anaangalia kile kipande kwenye kijiko, akiwaza kwa lugha zake tatu, mpaka akapata ya nne.

"Yustina. Mama ya viza sema nini? Sema toa mtoto kwenye pasipoti ya huyu."

"Ndiyo."

"Sasa iko kwenye pasipoti ya nani?"

Yustina akainua kichwa. Hayumo kwa yeyote! Miaka yote hiyo asingeweza kumwandikisha kwake kwa sababu mtoto hawi kwenye pasipoti mbili, na ya kwanza ilikuwa mfukoni mwa mtu asiyetaka kuitoa. Cheti cha kuzaliwa kilichomtaja Gaudence na yeye kilikuwa kwenye sanduku, hakuna ofisi iliyotaka kukitazama wakati pasipoti ilisema vingine. Sasa pasipoti haisemi kitu.

"Beijing," alisema. "Ubalozi wetu uko Beijing."

Rotich, aliyekuwa bado anapangusa machozi ya kicheko, akamtazama Bartholomeo. "Na wewe buda utatoka China na nini?"

Bartholomeo akatazama karai. Ni hapo tu alipoona alichokikaanga kilikuwa na picha yake pia, na viza yake pia.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Yaliyofuata ni haya.

Polisi walimtoza faini Bartholomeo, wakampa karatasi ya kumfikisha Beijing. Alisafiri treni moja na Yustina na Careen, behewa moja, kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi. Watu wazima hawakusalimiana njia nzima. Careen alimpelekea yai la kuchemsha. Alilipokea.

Ubalozi ulimwandika Careen kwenye pasipoti ya mama yake. Viza ya Uholanzi ilitoka kwa wote wawili, bila malipo kama walivyoambiwa. Waliondoka kabla ya mvua za Guangzhou kuanza. Anacleto alikwishatangulia.

Alifanya kazi bandarini Rotterdam mpaka mgongo ukamkataa. Ndoa yake na Yustina ilidumu miaka sita, kisha kila mmoja akapanga kwake. Wanakutana Jumapili kwa ajili ya mtoto.

Yustina ni mfanya usafi hospitalini. Musoma hajarudi. Wazazi wake walipozikwa, hakwenda.

Careen amekua. Koti la baba yake, ambalo Yustina alikuwa amelihifadhi sandukuni, lilipunguzwa na fundi wa mtaa wa Kangle kabla hawajasafiri, akalivaa majira mawili ya baridi, likawa dogo, wakampa jirani.

Auma alibadilisha mafuta na kuendelea kupika. Mkanda ulibaki kwenye deki yake. Wakati mwingine wateja huuomba. Auma hauweki.

Rotich alifilisika, yuko Eldoret.

Bartholomeo anakaa Musoma kwenye nyumba ya Gaudence, shamba analima yeye. Kaburi halijajengewa. Pasipoti mpya alipewa kulekule Beijing. Ofisa alimuuliza kama ana watoto wa kuandika, akasema hana.